Kadi Iliyopitia Ibadakuli

Fundi Gelasius Masele alikuwa mtu aliyechoka, na msinielewe vibaya. Sisemi uchovu wa kutwa shambani, ule unaolala nao ukaamka umepona. Uchovu wake ulikuwa umehamia mwilini, umepanga chumba, na haukuwa na mpango wa kuondoka. Ukimsalimia asubuhi alijibu vizuri tu, lakini alianza kwa kuvuta pumzi.

Mwaka huo, 1988, alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa Bukombe, kwa wazazi wakulima waliomfundisha rozari kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ufundi aliupata kwa bruda mmoja wa misheni aliyekuwa akitengeneza taipureta. Kutoka kwenye taipureta akaenda Mwadui, kwenye mgodi wa almasi, akatengeneza mashine za kujumlishia miaka kumi na minne. Kisha ukaja mradi wa kugawa kompyuta kwa vyama vya ushirika. Wakatafuta mtu wa Shinyanga anayejua kushika bisibisi na kusoma Kiingereza, wakampata yeye. Walimpeleka Dar es Salaam wiki tatu, wakamrudisha na mkoba wa disketi, wakamwambia haya mzee, mkoa mzima ni wako. Mkoa mzima! Kompyuta tisa, kila moja na ugonjwa wake, fundi mmoja, na gari la mradi ambalo siku nne kati ya tano halina mafuta.

Sasa niwaeleze habari ya kadi, maana bila hiyo hamtanielewa.

Kompyuta za siku zile zilikuwa na kumbukumbu ndogo, kazi kubwa zilizishinda. Ukitaka kuiongezea nguvu, unafungua bati lake la juu, unachomeka kadi ndani: kipande cha ubao mwembamba wa kijani, kimejaa vidude vyeusi, na ukingo wake mmoja una meno ya njano ya kuingia kwenye tundu. Lakini kuchomeka tu hakutoshi. Lazima uingize na disketi yenye draiva, yaani programu ya kuitambulisha kadi kwa kompyuta, halafu uandike mstari mmoja kwenye faili la kuwashia. Usipofanya hivyo, mashine itakaa na kadi tumboni bila kujua kwamba inayo. Ukikosea herufi moja kwenye mstari huo, umekwisha. Ukikosea namba, kadi na printa zinagombania njia moja, zinanuna zote mbili. Gelasius alishawahi kukaa siku tatu Maswa akitafuta nukta moja.

Kadi ninayoizungumzia ilikuwa ya chama kimoja cha wakulima wa tumbaku wa Ushetu, chenye ofisi yake mjini Kahama. Jina la chama tuliache. Ilitoka Dar kwa treni, Gelasius akaipokea Shinyanga, akasaini kwamba imefika salama, na baadaye akamkabidhi dereva wa chama aipeleke Kahama. Yeye mwenyewe alikuwa amelazwa na malaria. Meneja wa chama, Donatus, hakuwa na subira ya kumngoja mgonjwa. Akamwita mpiga chapa wake, akampa kitabu cha maelekezo na bisibisi, akamwambia ichomeke wewe, si umesoma kozi? Kozi yenyewe ilikuwa ya wiki mbili, ya kupiga chapa. Mama wa watu akachomeka. Akaingiza disketi, akaandika mstari, akawasha. Kioo kikamjibu kwamba kadi haionekani.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Gelasius alifika Kahama Jumatatu moja ya mwezi wa tano, mdomo umemkauka kwa vumbi la njiani. Donatus alimpokea akiwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Afadhali umekuja," alisema. "Yule mama ameiua kadi ya wafadhili. Mimi sitaki maneno mengi, fundi. Niandikie ripoti, chanzo cha hitilafu, mstari mmoja tu unanitosha. Barua yake ya kuachishwa kazi nimeshaipiga, nangoja kiambatanisho."

"Barua umepiga kabla sijafungua mashine?"

"Nani mwingine aliishika? Jini?"

Gelasius akavuta pumzi, akaingia ndani.

Mpiga chapa aliitwa Anisia, ila pale ofisini wote walimwita Mama Limi, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mwembamba, kitambaa kimefungwa kichwani sawasawa. Aliinuka akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Limi. Watoto hawajambo?"

Swali la kawaida kabisa, la salamu, lakini macho ya mama yule yakajaa machozi. Ikabidi akae.

"Hawajambo, fundi, sijui mpaka lini. Nikuambie ukweli wote, maana najua umetumwa kuja kunimalizia. Marehemu alinioa kwa ng'ombe kumi na wawili. Kwa mila, watoto ni wa kwao, Ushetu. Wameniachia kwa sababu moja tu, nina mshahara. Tulipomaliza matanga baba mkwe aliniambia mbele ya ukoo mzima: siku ukishindwa kuwalisha, walete, na wakishaingia kwenye boma langu, hawatoki tena. Ana mke mdogo asiyetaka hata kuona watoto wake mwenyewe, sembuse wangu. Limi ana miaka kumi. Mdogo wake, Kamili, ana sita." Akajifuta uso kwa upande wa khanga. "Nilifuata kitabu mstari kwa mstari, fundi. Naapa."

"Sikuja kumtafuta wa kufukuzwa," Gelasius akamwambia. "Nimekuja kutafuta ugonjwa wa mashine. Nikiupata, nitasema."

Nitasema. Neno hilo alilitamka mwenyewe, kwa kinywa chake, mchana kweupe. Lishikeni.

Basi akaanza kazi. Umeme wa ofisi ile ulitoka kwenye jenereta, na jenereta iliwashwa saa tatu asubuhi ikazimwa saa saba mchana kwa ajili ya dizeli. Saa nne kwa siku, hiyo ndiyo nafasi aliyokuwa nayo. Na kila ukibadilisha kitu kidogo, lazima uzime mashine, uwashe upya, ungoje ihesabu kumbukumbu yake taratibu, ndipo uone kama umepatia. Gelasius alikuwa na imani yake ya kazi: katika mashine kumi, tisa ugonjwa uko kwenye disketi au kwenye mstari, na bati usilifungue ovyo, vumbi la Kahama likiingia mle ndani halitoki. Kwa hiyo Jumatatu yote alicheza na mistari. Aliusoma mstari wa Anisia mara tano akitafuta kosa, akakuta mama wa watu ameuandika sawa kabisa, hata nafasi kati ya maneno hazina kasoro. Akabadilisha namba ya njia. Akawasha. Kadi haionekani. Akaibadilisha tena. Haionekani. Akachukua disketi yake ya akiba, akainakili draiva upya. Wapi! Jenereta ikazimwa, akabaki anatazama sura yake kwenye kioo cheusi.

Jumanne hivyo hivyo. Aliiondoa printa kabisa asiisingizie. Akajaribu namba zote zilizoandikwa kitabuni, moja baada ya nyingine, na nyingine mbili za kubahatisha. Anisia alikaa upande wa pili wa meza, anaandika kwenye karatasi kila namba waliyoijaribu ili wasirudie, mwandiko wake safi, na kila kioo kilipojibu aliinua macho kumwangalia fundi usoni badala ya kuangalia kioo. Jamani, hakuna kazi inayochosha kama kufanya kazi huku mtu anasoma uso wako! Mgongo ulimuuma. Malaria ilikuwa haijamtoka vizuri, viungo vilikuwa vizito. Akajikaza kisabuni mpaka saa saba.

Jumatano asubuhi akasema potelea mbali, akafungua bati.

Alitoa skrubu nne, akaziweka kwenye kisahani. Akaishika kadi kwa pembe mbili, akaivuta taratibu, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Meno yalikuwa meupe.

Meno ya kadi hupakwa dhahabu, utando mwembamba kabisa, ili yasipate kutu na umeme upite bila kizuizi. Kadi yoyote mpya meno yake ni ya njano, yanang'aa. Haya yalikuwa na weupe wa kijivu, yamechubuka chubuka, na kati ya jino na jino kulikuwa na utando uliosambaa kama mafuta yaliyoganda. Kwanza Gelasius alidhani ni uchafu. Akaomba raba, akayasugua polepole, kama wanavyofanya mafundi wote. Raba ikatoka nyeusi, meno yakabaki meupe.

"Yalikuwa hivi ulipoichomeka?" akauliza.

"Hivi hivi," Anisia akasema. "Kwani huwaje?"

Angejuaje? Hakuwahi kuona kadi nyingine maishani mwake.

"Mfuko wake ulitupa?"

"Situpi kitu cha ofisi mimi." Akavuta mtoto wa meza, akatoa ule mfuko wa nailoni wa rangi ya fedha, umekunjwa vizuri, akampa, halafu akaitwa na Donatus apeleke faili chumba cha pili.

Gelasius akabaki peke yake. Akaukunjua mfuko, akauinamisha juu ya kisahani. Kwenye pindo la chini kikatokea kitone kimoja kidogo, cheupe, kinang'aa, kikabingirika hadi kwenye skrubu, kikagawanyika viwili, vikaungana tena.

Zebaki.

Mtu wa pwani pengine angekitazama akashangaa. Mtu wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Geita mpaka huku Kahama, hana haja ya kuuliza. Kila familia ina mchimbaji, na kila mchimbaji anatembea na kichupa chake. Unasaga mawe, unachanganya na zebaki kwenye karai, unasugua. Zebaki inameza dhahabu yote, unakamua kwa kitambaa, unachoma, mali inabaki. Hiyo ndiyo shule ya vijana wetu. Aliyeyasugua meno ya kadi ile aliifahamu kazi yake.

Gelasius akakaa chini. Maana alimjua.

Kadi ile, kabla ya kuja Kahama, ilikaa nyumbani kwake Ibadakuli, pembeni ya mji wa Shinyanga, wiki mbili ikingoja usafiri. Ofisi ya mradi ilikuwa na kufuli bovu, akaona kwake ndiko kuna usalama. Na katika wiki mbili zile alikuja Pantaleo, mdogo wake wa tumbo moja, mtu mzima wa miaka arobaini, ametoka machimboni Geita bila hata senti, amekonda, viatu vimeisha. Akalala sebuleni siku sita. Siku moja baada ya chakula aliuona ule mfuko juu ya kabati, akauliza ni kitu gani. Na Gelasius, kabla malaria haijambana, akajisikia mkubwa mbele ya mdogo wake. Akautoa ubao, akaushika kwa pembe mbili, akasema: "Unaona haya meno? Dhahabu tupu. Ndiyo maana hatuyagusi kwa vidole."

Dhahabu tupu! Utando ambao ukiukwangua wote haujazi hata kucha ya mtoto mchanga! Lakini utamwambiaje mchimbaji mwenye njaa neno kama hilo, halafu uende kulala? Hivi mtu na akili zake anaweza kuropoka kiasi hicho? Anaweza, kwani alifanya. Pantaleo aliondoka Ijumaa bila kuaga, na mke wa Gelasius, Lukresia, akasema shemeji siku hizi ana haraka gani. Fundi hakutilia maanani. Homa ilishampanda. Akampa dereva mfuko uliofungwa.

Alikuwa bado amekaa chini pale pale, kisahani mkononi, Donatus alipochungulia mlangoni.

"Vipi, fundi? Umepata?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Kinywa cha Gelasius kikafunguka. Akamwona Pantaleo amekamatwa na polisi, viatu vyake vile vile. Akaona jina lake mwenyewe juu ya sahihi, imefika salama. Akaona miaka miwili iliyobaki kufika kustaafu ikimwagika yote, na unga wenyewe ukimwagika nayo. Na zaidi ya yote hayo, jamani, alichoka. Kusema kungetaka maswali, na maswali yangetaka majibu, na majibu yangetaka barua, na hakuwa na nguvu ya hata moja kati ya hayo.

"Bado naangalia," akasema.

Hapo ndipo ninapomkasirikia Gelasius, na nimemfahamu miaka mingi, ni mtu mwema. Akamimina kile kitone kwenye mfuko, akaukunja, akautia kwenye mkoba wake. Akairudisha kadi kwenye tundu, akafunga bati, akaingiza disketi, akaanza kujaribu namba ambazo alikwisha kuzijaribu Jumanne. Anisia aliporudi alikaa mahali pake, akachukua kalamu. Baada ya namba ya tatu akaiweka chini.

"Hizi tulishazijaribu, fundi."

"Tunahakikisha."

Saa saba jenereta ikanyamaza. Anisia alikuwa anafunika taipureta yake, akamgeukia.

"Fundi. Niambie tu. Inaonekanaje?"

Gelasius alikuwa akipanga disketi kwenye mkoba, akazipanga mara ya pili. Hakumwangalia.

"Kesho, Mama Limi. Leo nimechoka."

"Sawa," akasema. "Pumzika, fundi. Hata mimi nimekusumbua." Akachukua kikapu chake, akaenda zake.

Siwezi kuwaeleza usingizi wa Gelasius kule gesti, maana haukuwapo. Ninachojua ni kwamba Alhamisi saa mbili na nusu, kabla jenereta haijawashwa, alikuwa ameshafika ofisini, amenyoa ndevu, na ripoti anayo mkononi. Aliiandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa. Kwenye mstari wa chanzo cha hitilafu alikuwa ameandika: Kadi iliharibiwa nyumbani kwangu Ibadakuli kabla ya kuletwa Kahama. Dhahabu ya meno ilitolewa kwa zebaki na ndugu yangu, baada ya mimi kumwonyesha. Mpiga chapa aliiweka kadi na draiva kama inavyotakiwa. Hana kosa.

Donatus aliisoma, akarudi juu akaisoma tena.

"Mzee, unajua unachokiandika?"

"Najua."

"Mradi watakufukuza. Umebakiza miaka miwili tu."

"Najua, bwana Donatus. Nipigie muhuri."

Meneja alikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya kwa kiwango hicho, alikuwa na haraka tu, na watu wenye haraka wakionyeshwa kosa lao hawajui mikono waiweke wapi. Akafungua droo, akatoa barua ya Anisia, akaichana katikati, akaichana tena. "Basi mwambie aendelee na kazi," akasema. "Mwambie wewe, mimi nitaona aibu."

Lakini Anisia hakuwapo mezani. Ikapiga saa tatu, jenereta ikawashwa, hayupo. Saa tatu na nusu, hayupo. Watu wakaanza kuulizana, maana katika miaka sita hakuwahi kuchelewa hata siku ya mvua. Saa nne ndipo alipotokea, vumbi limempanda hadi magotini, kitambaa cha kichwani kimelegea. Alimwamkia Gelasius kama kawaida, akasimama kando ya meza, anangoja hukumu yake.

Gelasius akamweleza yote, amesimama, bila kuzunguka. Pantaleo, zebaki, kadi, ripoti. Barua imechanwa. Kazi yake iko pale pale.

Anisia alisikiliza mpaka mwisho. Hakuruka, hakushangilia, hakusema Mungu mkubwa. Alimwangalia usoni kama alivyozoea siku zote tatu.

"Ulijua lini, fundi?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi."

"Saa saba nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nikakuangalia. Nikaona hunitazami. Nikajua basi, imekwisha, fundi ananionea huruma tu." Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira hata kidogo, na Gelasius angetoa chochote asikie hasira. "Nikaenda nyumbani nikafua nguo zao. Nikasema afadhali niwapeleke mwenyewe kwa heshima, kuliko baba mkwe kuja kuwachukua wakiwa na njaa, mbele ya majirani. Alfajiri kulikuwa na lori la mtu mmoja, Makoye, linakwenda Ushetu kubeba tumbaku. Nimewapandisha. Limi hakulia. Kamili alinishika khanga, hataki kuniachia, nikamdanganya kwamba nitawafuata Jumamosi. Lori likaondoka. Nimetembea kule barabarani mpaka sasa hivi, sikuwa na pa kwenda."

"Twende," Gelasius akasema. "Tutafute gari, tuwafuate. Hata sasa hivi."

"Saa nne hii, fundi. Wameshashuka. Wameshaingia bomani."

Nje jenereta ilikuwa inaunguruma. Donatus alikuwa amesimama mlangoni, amesikia, hakuthubutu kuingia.

Anisia akakaza kitambaa chake kichwani. Akakaa kwenye kiti chake, akaondoa kifuniko cha taipureta, akakikunja, akakiweka kwenye mtoto wa meza.

"Kazi ninayo, fundi," akasema. "Asante." Akaingiza karatasi, akaanza kupiga chapa.